Mvua Katika Sauti ya Arobaini na Moja

Jumatano, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, wanafunzi ishirini na sita wa kidato cha tatu walivaa hedifoni ndani ya maktaba ya shule, wakabonyeza mahali pamoja, na wote wakasikia mvua.

Nje jua lilikuwa limeshika kazi tangu mapema. Mvua ya mwisho ilikuwa imenyesha miezi minne nyuma, na vumbi la uwanjani lilikuwa limelala kwenye vioo vya madirisha kama unga. Lakini masikioni mwao ilinyesha mvua ya juu ya bati, nzito, isiyo na haraka na mtu. Hakuna aliyenyoosha mkono. Wengine walifumba macho. Msichana wa kiti cha mbele alilaza shavu juu ya meza kama mtu anayebembelezwa. Zilipita dakika nne nzima kabla mmoja hajavua hedifoni na kuuliza, "Mwalimu, bibi mkunga ataanza kuongea saa ngapi?"

Bibi mkunga hakuongea. Sauti yake ilikuwa imeondolewa kwenye Sanduku la Sauti, na mahali pake imewekwa mvua ya dakika kumi na moja, urefu uleule.

Sanduku la Sauti ni tovuti ya kujifunzia historia. Mwalimu wa historia wa shule hiyo aliianzisha miaka kumi na miwili iliyopita, akitembea na kinasa sauti nyumba kwa nyumba, akiwauliza wazee mambo ambayo vitabu viliyaruka. Zikaongezwa picha, barua, ramani na mazoezi, na sasa shule arobaini zilikuwa zikifundishia humo. Kwa kuwa kila sentensi ya mwalimu huyo ilianza na neno jana, wanafunzi walimwita Mwalimu Jana, naye akaitika.

Habari ya mvua ilifika jiko la walimu saa tatu kasoro, kabla haijafika ofisini, kwa sababu katika shule ile habari zote zilipita jikoni kwanza kujipasha moto. Mwenye jiko alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na tano, mpika chai, aliyeishia darasa la saba na kumalizia masomo mengine barabarani. Nyumbani kwake waliishi watu tisa katika vyumba vitatu, na bado alilalamika kwamba nyumba imepoa. Shule nzima, kuanzia mwalimu mkuu, ilimwita Shangazi, kwa sababu fundi wa kompyuta wa shule alikuwa binti wa kaka yake na ndivyo alivyomwita.

Saa nne fundi huyo aliingia jikoni, akasimama mlangoni, akaanza kulia.

"Kaa kwanza," Shangazi alisema. "Mtu halii amesimama, machozi yanapotea njia. Haya, anzia mwanzo."

"Wamesema Ijumaa saa tisa kamati inakaa. Nije na funguo. Maana yake nimefukuzwa, Shangazi."

"Kwa kosa gani?"

"Mtambo umeandika kila kitu. Sauti ya arobaini na moja ilibadilishwa jana Jumanne, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, kwenye kompyuta namba tatu ya maktaba, kwa jina langu."

Shangazi alikuwa akiosha vikombe vya walimu. Kila mwalimu alikuwa na chake, na kila kikombe kilikuwa na msumari wake ukutani. Alikisuuza taratibu kile cheupe chenye mstari wa buluu, cha Mwalimu Jana, maana mwaka uliopita alikiangusha mwenyewe sakafuni, akakiunga kwa gundi, na tangu siku hiyo alikuwa akikiogopa mpini.

"Na wewe saa hiyo ulikuwa wapi?"

"Juu ya paa. Ndege walikuwa wamechokora waya wa intaneti. Kompyuta niliiacha wazi, na jina langu humo ndani liko wazi."

"Nani alikuona huko juu?"

"Hao ndege."

"Mashahidi wabovu hao, wataruka. Si ungetumia nakala ya akiba?"

"Akiba hujinakili yenyewe kila jioni. Jana jioni nayo ikanakili mvua." Fundi alifuta pua. "Walimu wote wanaruhusiwa kuongeza vitu kwenye Sanduku. Kubadilisha au kufuta ni mimi peke yangu. Sharti hilo aliliweka Mwalimu Jana mwenyewe, ili historia isifutwe na kila mwenye kidole. Sasa nani atanisadiki?"

"Wiki hii umefanya nini kingine humo ndani?"

"Jumatatu nilipandisha leja ya zahanati, daftari la wagonjwa la mwaka wa mafuriko. Iliokotwa stoo, imeliwa na mchwa pembeni. Mwalimu Jana alikaa akaitazama muda mrefu, akaniambia hongera, akaondoka hata chai hajamaliza. Naibu mwalimu mkuu yeye hata hongera hakutoa."

Shangazi alikausha mikono. Bibi mkunga alikuwa amefariki miaka mitano nyuma, na sauti ile ndiyo iliyokuwa imebaki yake duniani. Kwa hiyo mtu alikuwa amemzika mara ya pili, na jembe akamshikisha binti wa kaka yake.

Alianza na naibu mwalimu mkuu, na si kwa chuki. Katika sauti ya arobaini na moja mkunga alisimulia usiku wa mafuriko, miaka hamsini na tisa iliyopita, jinsi mlinzi wa daraja alivyofunga lango akakimbia na ufunguo, wagonjwa wakabaki upande usio wao. Mlinzi huyo alikuwa baba mzazi wa naibu. Naibu alishaandika barua mbili akitaka sauti hiyo iondolewe.

Jumatano, saa saba mchana, Shangazi alimpelekea chai ofisini, akafunga mlango kwa kisigino.

"Naibu, jana saa nne ulikuwa wapi?"

"Tangu lini chai inakuja na maswali, Shangazi?"

"Tangu uanze kuinywa bila sukari na bado mkanda unaufunga tundu la mwisho."

Naibu alitazama mlango, kisha akainamia kikombe. "Nilikuwa kwa mshona nguo, hapo ng'ambo. Ananipanulia suruali. Mama watoto anadhani nimepungua, na ukimwambia umenimaliza."

"Na sauti ya mkunga?"

"Nilitaka ifutwe, sikatai. Mwanzoni. Lakini wanafunzi wameandika insha mia mbili kuhusu baba yangu. Mmoja alimtetea kwamba alikuwa na watoto sita ng'ambo ya mto, akauliza, wewe ungefanya nini? Nilisahihisha ile insha nikashindwa kuweka alama." Alikunywa chai. "Sitaki tena ifutwe. Nataka waendelee kubishana."

Shangazi alivuka barabara. Mshona nguo alithibitisha: naibu alikaa nyuma ya pazia, amejifunga taulo, kuanzia saa nne kasoro robo hadi saa tano. Mtu asiye na suruali haendi maktaba.

Wa pili alikuwa mwalimu wa jiografia, aliyejulikana kama Ramani, ambaye mwezi mzima hakuwa akisalimiana na fundi kwa sababu ramani yake ya mtaa wa zamani, nyumba kwa nyumba, iliwekwa kwenye Sanduku bila jina lake.

"Nilikasirika, ndiyo," Ramani alisema, bado ana chaki vidoleni. "Lakini jana kuanzia saa nne hadi saa tano kasoro nilikuwa darasani. Wanafunzi arobaini watakuthibitishia."

"Wote?"

"Ishirini walikuwa macho."

Shangazi alicheka, naye Ramani akalegea. Akamweleza jinsi walivyorekodi sauti zile, yeye, fundi na Mwalimu Jana, watu watatu tu katika shule nzima. Mwalimu Jana aliwafunza utaratibu mmoja, akawafunza mpaka ukaingia mkononi: kabla ya neno lolote, gonga kitu mara tatu, kisha nyamaza mpaka uhesabu kumi, ndipo uanze.

"Kimya cha nini sasa?"

"Chumba nacho kisikike. Yeye husema kila chumba kina kimya chake, na historia huanzia hapo. Mimi hugonga penseli mezani. Binti yako hugonga chupa ya maji kwa ukucha. Tulishazoea hivyo, hata nikirekodi mwanangu akiimba nagonga kwanza."

Alhamisi, saa nne asubuhi, maktaba ikiwa tupu, Shangazi aliketi kwenye kompyuta namba tatu. Mwanga ulipita kwenye pazia la kijani, na chumba kikawa kama chini ya maji. Fundi alimvalisha hedifoni, akamfungulia ile sauti, akatoka. Hakuweza kuisikiliza tena. Siku nzima ya jana yeye, mwalimu mkuu na kamati walikuwa wameisikiliza kwa namna ya watu wanaojua kompyuta: walibofya katikati, wakabofya mbele zaidi, wakabofya mwisho, wakitafuta palipobaki neno la mkunga. Shangazi hakujua kurusha mbele. Alisikiliza kuanzia mwanzo, kama mtu anayesikiliza mgeni.

Mwanzoni palikuwa na kitu kidogo, cha mbali. Ko. Ko. Ko.

Kisha kimya. Alihesabu kwa vidole mpaka kumi.

Kisha mvua.

Alijua angeweza kuvua hedifoni hapo hapo. Hakuvua. Mvua ilimpeleka. Alimwona mama yake akiweka sufuria chini ya bati linalovuja. Aliona viatu vya shule vya kaka yake vikielea kizingitini kama bata wawili. Akamwona pia bibi mkunga, siku aliyorekodiwa, miaka minane nyuma, amekaa kwenye kiti hikihiki, na yeye Shangazi anampa chai, na mkunga anasema kwa utani, "Mwanangu, chai hii umeikopesha majani?" Dakika kumi na moja zilipoisha alishangaa kukuta nguo zake ni kavu.

Ile ko haikuwa ya penseli wala ya chupa; ilikuwa ya kikombe. Alirudi jikoni, akachukua kijiko, akaanza na msumari wa kwanza. Vikombe kumi na vinne. Cha mwalimu mkuu kililia ting. Cha Ramani, bilauri, kililia kama kengele ya mbuzi. Cha naibu kilikuwa cha plastiki, hakikusema kitu. Aliendelea hadi cha mwisho, cheupe chenye mstari wa buluu, chenye ufa usioonekana kutoka mpini hadi chini.

Ko.

Shangazi alikaa juu ya gunia la mkaa. Mwizi wa Sanduku alikuwa mwenye Sanduku. Swali la nani lilikuwa limekwisha, lakini la kwa nini lilikuwa bado bichi, na yeye hakuwa mtu wa kupakua kitu kibichi.

Saa nane mchana alimwita fundi. "Nifungulie hilo zoezi wanafunzi walilokuwa wafanye."

"Zoezi la nne? Shangazi, unataka kufanya zoezi la kidato cha tatu?"

"Nililipa ada mpaka la saba tu. Hili nitafanya bure."

Zoezi lilisema: Linganisha vyanzo vitatu, kisha ueleze kilichompata mtoto aliyezaliwa zahanati usiku wa mafuriko. Chanzo cha kwanza kilikuwa sauti ya arobaini na moja. Hiyo Shangazi alikuwa nayo kichwani, maana siku ile alisimama na birika mkononi mpaka mwisho. Mkunga alisema mwanamke mmoja mpita njia, asiyejulikana na mtu, alijifungua mtoto wa kiume akafa kabla hakujakucha. Kitanda cha sita alilala mwanamke mwingine aliyefiwa na mtoto wake jioni ileile. "Nikamweka yule mtoto kitanda cha sita," mkunga alisema. "Akanyonya. Sikumwandika popote." Jina la mwenye kitanda hakulitaja.

Chanzo cha pili kilikuwa leja, iliyokuwa kwenye tovuti tangu Jumatatu jioni tu. Shangazi alishusha kidole kwenye kioo mpaka kitanda cha sita: mwanamke, miaka ishirini na tisa, nyumba ya tatu kutoka darajani.

Chanzo cha tatu kilikuwa ramani. Nyumba ya kwanza, kinyozi. Ya pili, stoo ya magunia. Ya tatu, tanuri la mikate.

Mjini pale hakuna asiyemjua Bibi Mkate, mjane wa mwoka mikate, mwenye miaka themanini na minane na ulimi wa miaka ishirini. Kesho yake saa kumi alasiri, kwenye kikao cha kusikiliza ambapo wanafunzi hufungulia sauti mbele ya wazazi na wazee na kusoma majibu yao, kiti chake kingekuwa cha mbele kabisa, kama kila mwaka. Nyumba ile ya tatu ililea mtoto mmoja tu. Mtoto huyo alikua akawa mwalimu wa historia.

Fundi alikuwa amesoma begani kwa shangazi yake, na alifika jibu wakati uleule. Feni ya dari ilizunguka.

"Nitamwambia mwalimu mkuu," fundi alisema mwishowe.

"Usimwambie. Nipe mpaka kesho saa tisa."

"Kazi ni yangu, Shangazi."

"Najua. Na mama ni wa kwake. Nipe mpaka kesho."

Ijumaa, saa sita na nusu, Mwalimu Jana alikuwa peke yake darasani, anafuta ubao ambao tayari ulikuwa safi. Shangazi aliweka kikombe cha chai juu ya dawati, akatoa kijiko mfukoni, akagonga mara tatu. Kisha akanyamaza, akahesabu kumi.

Mwalimu Jana aliketi kabla hajafika saba.

"Ile mvua niliirekodi mwaka huu, masika," alisema. "Ya somo la mafuriko. Sikuwahi kuipandisha, na nikasahau kwamba niligonga."

"Mkono haukusahau."

"Nilifundisha miaka thelathini na tatu kwamba vyanzo vikikutana, ukweli hutoka. Jumatatu jioni vikakutana mbele yangu. Nilikuwa nimeketi na bibi mkunga ana kwa ana, Shangazi, nikimwuliza kwa sauti ya mtaalamu, na mtoto huyo aliendaje? Naye akanitazama muda mrefu. Nilidhani anakumbuka."

"Ungefuta zoezi tu."

"Shule arobaini zilishalipata. Sauti ndiyo ilikuwa kiungo. Jumanne nikakuta jina la binti yako liko wazi kwenye ile kompyuta. Nilidhani watasema mtambo umeharibika." Alishika kikombe bila kunywa. "Sikutaka wanafunzi wamsomee mama yangu, mbele ya watu mia mbili, kwamba si mama yangu. Ndiyo sababu yote. Na palipoachwa wazi sikuweza kupaacha. Nikaweka mvua."

"Na binti wa kaka yangu ulimweka wapi?"

Mwalimu Jana alikizungusha kikombe juu ya dawati.

"Siku tatu, Mwalimu. Chai umekunywa, umemwona akibeba vitu vyake kwenye boksi. Mimi sitasema. Hii siri si yangu na mama si wangu. Ila saa tisa yule mtoto akikabidhi funguo na wewe umekaa kimya, kikombe hiki nitakivunja mwenyewe, na safari hii sitanunua gundi."

Saa tisa kamati ilikaa maktaba, watu watano nyuma ya meza ndefu. Fundi alisimama mbele yao na funguo kwenye kiganja. Bibi Mkate naye alikuwepo, kwa sababu wazee hufika mapema: kikao cha kusikiliza kilikuwa saa kumi, yeye alifika saa nane na nusu, akaketi kiti chake cha mbele, na hakupatikana mtu wa kumwambia atoke.

Mwalimu mkuu alikohoa. "Binti, una la kusema?"

"Sina."

"Mimi ninalo," Mwalimu Jana alisema kutoka nyuma. Alitembea mpaka mezani, akaweka flashi ndogo nyeusi kando ya funguo. "Sauti ya arobaini na moja iko humu, nzima. Niliitoa mimi. Huyu hakuhusika, na nilikaa kimya siku tatu nikijua hakuhusika."

Naibu aliinua kichwa. Ramani alidondosha penseli.

"Wewe?" mwalimu mkuu aliuliza. "Kwa sababu gani?"

Mwalimu Jana alimtazama mama yake, kisha akatazama sakafu. "Sababu naomba nisiitaje."

"Mwalimu, mtu alikuwa anapoteza kazi hapa. Sababu utaitaja."

"Mwacheni," Bibi Mkate alisema. Hakuinua sauti. "Kitanda cha sita ni mimi."

Pazia la kijani lilipumua likatulia. Shangazi, aliyekuwa ameshika sinia la vikombe karibu na mlango, hakupumua kabisa.

"Mkunga alipokuja kuniambia kwamba mwanangu anataka kumrekodi," kizee kiliendelea, "alinibembeleza anitaje. Nikamwambia hapana, taja kitanda. Akaniuliza, sasa huyo mtoto atajuaje? Nikamwambia, mtoto wangu mimi hutafuta vitu. Akiwa na miaka sita alitafuta ufunguo wa kabati siku mbili, hakula. Taja kitanda, atafika." Aligeuka na kumtazama mwanawe. "Sikuwa na mdomo wa kukwambia. Nilikuwa na mwana anayejua kutafuta. Nimekungoja miaka minane, na ulipofika umepaziba kwa mvua."

"Nilikuwa nakuficha wewe, mama."

"Na mimi nilikuwa nakuficha wewe. Ona tulivyobanana hapo mafichoni."

Mwalimu Jana alipiga magoti kando ya kiti, mtu mzima wa karibu kustaafu, akaweka kichwa pajani pa mama yake. Naye akamfuta chaki masikioni, kama anayemwandaa kwenda shule.

Kamati ilimaliza kazi yake kwa dakika chache. Fundi alibaki kazini, na ulinzi wa Sanduku lote ukawekwa mikononi mwake. Mwalimu Jana aliondolewa kwenye uongozi wa Sanduku hadi atakapostaafu. Alipokwenda kumwomba radhi, fundi alikuwa ameshachomeka ile flashi na hakugeuka.

"Nimekusikia, Mwalimu," alisema. "Msamaha utakuja, lakini hautakuja leo." Baadaye kidogo akaongeza, bado anatazama kioo, "Ile mvua sitaifuta. Nitaipa namba yake."

Saa kumi maktaba ilijaa, watu wakakaa hata madirishani, na Shangazi akawa na raha ya mwenye nyumba iliyofurika. Kabla wanafunzi hawajafungua sauti yoyote, Bibi Mkate alisema yeye hasomewi, ataeleza mwenyewe. Ramani akamsogezea kinasa sauti. Mwalimu Jana hakuwa na ruhusa ya kukigusa, basi akakaa kwenye zulia pamoja na kidato cha tatu.

Shangazi alipita katikati ya magoti ya watu na kikombe cheupe chenye mstari wa buluu. Bibi Mkate alikipokea, akatoa kijiko, akagonga.

Ko. Ko. Ko.

Watu mia mbili wakanyamaza, na chumba kikaanza kusikika.